Kampuni ya Springer na Lugha ya Elimu

Watu wengi husema kwamba lugha fulani ni lugha ya elimu, na lugha nyingine ni ya nyumbani na ya sokoni tu, kana kwamba lugha huzaliwa na cheo chake kama mtoto wa jumbe. Mambo sivyo yalivyo. Hakuna lugha iliyozaliwa na maneno ya uganga, ya hesabu na ya mitambo. Cheo cha lugha ya elimu hutokana na kazi za watu: mtu aandikaye, mtu aisomaye hati na kuisahihisha, mtu apangaye herufi, mtu atiaye fedha yake katika kitabu ambacho hajui kama kitanunuliwa, na mwisho msomaji akubaliye kulipa bei yake. Watu hao wakitawanyika, cheo nacho huondoka, hata kama lugha yenyewe haikupungukiwa na neno moja.

Ili kulionyesha jambo hili nimechagua historia ya kampuni moja ya Ujerumani iitwayo Springer, ambayo tangu zamani kazi yake kubwa ni kutoa vitabu na majarida ya sayansi, ya uganga na ya ufundi. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kampuni hiyo iliishi kwa lugha ya Kijerumani kwa muda wa miaka mia na zaidi, kisha ikahamia Kiingereza, na sababu za kuhama kwake zaonekana wazi. Pili, baadhi ya habari za nchi zetu hizi za Afrika Mashariki zilipigwa chapa na kampuni hiyo, kwa lugha ambayo watu waliozitoa hawakuweza kuisoma.

MWANZO WA KAMPUNI

Mwanzilishi wake aliitwa Julius Springer. Alizaliwa Berlin mwaka wa 1817 katika jamaa ya Kiyahudi, akabatizwa angali kijana. Akajifunza biashara ya vitabu, na tarehe 10 Mei 1842, siku aliyotimiza miaka 25, akafungua duka lake la vitabu mjini humo. Katika siku zile muuza vitabu na mchapishaji mara nyingi walikuwa mtu mmoja: alinunua vitabu vya wengine na kuviuza, na alipoona faida akatoa na vyake. Julius Springer alitoa maandiko ya siasa, vitabu vya watoto, na hadithi za Jeremias Gotthelf, mwandishi wa Uswisi. Hakuanza na sayansi. Baadaye aliacha uuzaji wa dukani, akashika kazi ya kutoa vitabu peke yake. Wenzake katika biashara wakamheshimu hata wakamfanya mwenyekiti wa chama chao, na katika kazi hiyo alitetea sana haki ya mwandishi juu ya maandiko yake.

Neno Springer kwa Kijerumani lina maana ya mwenye kuruka, tena ndilo jina la farasi katika mchezo wa sataranji. Kwa hiyo kampuni ilichukua farasi wa sataranji kuwa alama yake, na mpaka leo alama hiyo yaonekana juu ya vitabu vyake.

Julius alikufa mwaka wa 1877. Kazi ikawa mikononi mwa wanawe wawili, Ferdinand na Fritz. Ujerumani wakati huo ilikuwa imekuwa dola moja tangu 1871. Reli zilijengwa, viwanda viliongezeka, umeme ulianza kutumika, na kila kazi ya namna hii ilihitaji watu waliosoma. Fritz alikuwa amesomea uhandisi, akaelewa mahitaji hayo. Basi kampuni ikaanza kutoa vitabu vya mitambo, vya misitu, vya madawa na vya sheria za kazi hizo. Mwaka wa 1880 ilianza kutoa jarida la mafundi wa umeme, na miaka ya nyuma ilikuwa imekwisha kutoa kitabu kikubwa cha Hager, ambacho watengenezaji wa dawa walikitumia kila siku dukani. Hivyo Kijerumani cha mafundi kikapata maneno yaliyokubaliwa, kwa kuwa fundi wa Berlin na fundi wa Munich walisoma kurasa zile zile na kuviita vitu kwa jina moja.

HABARI ZA KWETU ZAFIKA BERLIN

Hapa yafaa nieleze jinsi habari za nchi zetu zilivyoingia katika vitabu vya kampuni hiyo. Mwaka wa 1897 mganga mashuhuri Robert Koch, aliyekuwa amevumbua vidudu vya kifua kikuu mwaka wa 1882, alifika Dar es Salaam. Akakaa huko mpaka mwaka uliofuata, akichunguza malaria na maradhi ya ng'ombe, na habari za tauni iliyokuwa Kisiba, magharibi ya Ziwa Viktoria. Taarifa za safari zake zilikusanywa katika kitabu kimoja, nacho kilitolewa na Springer mjini Berlin mwaka wa 1898.

Koch alieleza jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita upesi. Alisema kwamba wenyeji wa milima ya Usambara hawakuwa na homa hiyo nyumbani kwao, ila waliipata waliposhuka bondeni au pwani. Na ugonjwa wenyewe waliuita mbu, wakisema kwamba kule chini wako wadudu waitwao mbu ambao huwauma watu, ndipo homa huwapata. Ni katika miaka ile ile, 1897 na 1898, ambapo Ronald Ross huko India alithibitisha kwa darubini kwamba mbu ndio wachukuao malaria. Basi wazee wa Ushambaa walikuwa na habari ya kweli, wameiweka ndani ya neno moja fupi. Lakini habari hiyo ilihifadhiwa na kusomwa ulimwenguni kwa sababu Mjerumani mmoja aliiandika kwa Kijerumani, na mchapishaji wa Berlin akaitia katika chapa. Majina ya wazee hao hayamo. Mtoto wa Mshambaa aliyetaka kusoma maneno ya babu yake alilazimika kwanza kujifunza lugha ya Koch.

Mwaka wa 1906 Koch alirudi kuchunguza ugonjwa wa malale, akafanya kazi katika visiwa vya Sese, Uganda. Aliwatibu wagonjwa wengi kwa dawa iitwayo atoksili. Wengine walipata nafuu kwa muda, na baadhi yao wakapofuka kwa ukali wa dawa hiyo. Taarifa ya kazi hiyo nayo ilitolewa na Springer, mwaka wa 1909.

MIAKA YA NGUVU

Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi ilishikwa na wajukuu wawili wa mwanzilishi, Ferdinand wa pili na Julius wa pili, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Waligawana: Julius akashika ufundi na mitambo, Ferdinand akashika uganga na sayansi. Huyu Ferdinand ndiye aliyeifanya kampuni kuwa kubwa kuliko ilivyopata kuwa. Hakungoja hati zimfikie mezani. Aliwaendea mabingwa katika vyuo vikuu, akawauliza ni jarida gani linalokosekana katika elimu yao, kisha akawakabidhi wao wenyewe kazi ya uhariri. Mwaka wa 1913 alianza kutoa jarida la kila juma lililokusanya habari za sayansi zote, jina lake Die Naturwissenschaften, chini ya mhariri Arnold Berliner. Mwaka wa 1918 likaja jarida la hesabu, Mathematische Zeitschrift. Mwaka wa 1920 likaja la fizikia, Zeitschrift für Physik, na mwaka huo huo kampuni ikalipokea jarida la Mathematische Annalen, lililokuwa limeanzishwa mwaka wa 1868 na kutolewa na wachapishaji wengine. Mwaka wa 1921 ulianza mfululizo wa vitabu vya hesabu vyenye jalada la manjano, chini ya uangalizi wa Richard Courant wa Göttingen. Tena kampuni ilinunua kampuni nyingine za vitabu vya uganga, ile ya Bergmann mwaka wa 1918 na ile ya Hirschwald mwaka wa 1921.

Nguvu ya Kijerumani katika miaka hiyo yaonekana katika kisa kimoja. Mwaka wa 1924 mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dacca, ambao sasa ni mji mkuu wa Bangladesh, aitwaye Satyendra Nath Bose, aliandika makala mafupi ya fizikia kwa Kiingereza, akampelekea Albert Einstein huko Berlin. Einstein aliyasoma, akaona uzito wake, akayafasiri mwenyewe kwa Kijerumani, na mwaka huo huo yakatolewa katika Zeitschrift für Physik. Mwaka uliofuata Werner Heisenberg alitoa katika jarida hilo hilo makala yaliyofungua njia mpya ya kueleza mwendo wa vitu vidogo kabisa. Mtu wa India aliyetaka kusikiwa na wanafizikia wa dunia alifaidika kwa kufasiriwa kwa Kijerumani, kwa sababu hapo ndipo wasomaji walipokuwa.

Lakini nguvu hiyo ilikuwa na ila yake. Majarida yalizidi kuwa manene, na idadi ya mabuku yaliyotoka kwa mwaka haikujulikana mapema. Maktaba ilipojiandikisha haikujua mwisho wa mwaka itadaiwa kiasi gani. Wakutubi wa Marekani walinung'unika sana katika miaka ya 1920, na mwaka wa 1933 walitishia kuacha kununua, hata wachapishaji wa Ujerumani wakalazimika kuahidi kupunguza. Bei ya elimu ni ugomvi wa zamani.

NYUMBA YAGAWANYIKA

Mwaka huo wa 1933 lilitokea jambo kubwa kuliko bei. Chama cha Nazi kilishika serikali ya Ujerumani, na mwezi wa Aprili ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi, pamoja na watu wenye nasaba ya Kiyahudi, katika kazi za serikali, na vyuo vikuu vilikuwa vya serikali. Courant aliondolewa Göttingen, akaenda kukaa New York. Otto Neugebauer, mhariri wa jarida la Springer lililoanzishwa mwaka wa 1931 kutoa muhtasari wa maandiko yote ya hesabu, alihamia Copenhagen akiendelea na kazi yake. Mwaka wa 1935 Arnold Berliner aliondolewa katika jarida alilolilea kwa muda wa miaka 22; na mwaka wa 1942, alipokuwa karibu kuhamishwa kwa nguvu, alijiua.

Pigo liliingia hata katika jamaa yenyewe. Julius na Ferdinand walikuwa Wakristo waliozaliwa na wazazi Wakristo, lakini sheria ya wakati ule haikumwuliza mtu imani yake, iliwahesabu mababu zake. Julius, ambaye mababu watatu kati ya wanne walihesabiwa kuwa Wayahudi, alilazimishwa kuondoka katika kampuni mwaka wa 1935. Ferdinand, ambaye walihesabiwa wawili, alivumiliwa mpaka 1942, kisha naye akatolewa. Mzee Fritz, mwana wa mwanzilishi, aliyekuwa amepita miaka 90, alijiua mwaka wa 1944 ili asichukuliwe kupelekwa kambini.

Kampuni haikufa, kwa kuwa alikuwako mtu mwaminifu. Mfanyakazi wa miaka mingi, Tönjes Lange, aliandikiwa kampuni kwa jina lake, akaishika kama amana. Na vita vilipokwisha aliirudisha kwa wenyewe. Katika wakati ambapo watu wengi walichukua mali za Wayahudi na kuzifanya zao, tendo hili halikuwa dogo.

Sasa na tutazame lugha. Mwaka wa 1938 jina la Tullio Levi-Civita, mwanahesabu wa Italia aliyekuwa Myahudi, liliondolewa katika orodha ya wahariri wa jarida la muhtasari bila ya Neugebauer kuulizwa. Neugebauer akajiuzulu, na wahariri wengine wakamfuata. Akavuka kwenda Marekani, na mwaka wa 1940 likaanza huko jarida lingine la kazi ile ile, Mathematical Reviews. Mhariri alikuwa yeye yule, na utaratibu wake ule ule, ila lugha ilikuwa Kiingereza. Na jambo hili halikuwapata watu wa hesabu tu. Wanafizikia, waganga na wanakemia waliofukuzwa walifundisha London, New York na Chicago, na wanafunzi wao wakaandika kwa lugha ya huko. Hakuna aliyewaamuru waandike Kiingereza. Waliandika kwa lugha ya wale waliowapokea.

BAADA YA VITA

Mwaka wa 1945 Berlin ilikuwa magofu, na akiba ya vitabu vya kampuni ilikuwa imeungua kwa wingi. Isitoshe, wakati wa vita serikali ya Marekani iliwaruhusu wachapishaji wake kupiga chapa tena vitabu vya sayansi vya Ujerumani, hata kile kitabu kikubwa cha kemia cha Beilstein chenye mabuku mengi. Hivyo Springer waliporudi sokoni walikuta wateja wao wa zamani wamekwisha kupata vitabu hivyo kwa wengine.

Kampuni ilijijenga upya Berlin na Heidelberg. Katika kuuza vitabu nchi za nje ilishirikiana na Robert Maxwell, askari wa Uingereza mwenye asili ya Czechoslovakia, aliyekuwa ofisa wa mambo ya magazeti huko Berlin. Springer walikuwa na hisa katika kampuni iliyoitwa Butterworth-Springer, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 1949. Mwaka wa 1951 Maxwell aliichukua, akaipa jina la Pergamon, nayo ikaja kuwa mshindani mkubwa. Maarifa ya Springer katika kutoa majarida yalisaidia kumlea mshindani huyo, naye alitoa majarida yake kwa Kiingereza.

Mwaka wa 1964 Springer walifungua nyumba yao New York. Uamuzi ulikuwa wa busara, lakini ulikiri jambo zito: kwamba kampuni iliyokaa miaka 122 Ujerumani sasa ilibidi iwafuate wasomaji ng'ambo ya bahari. Ferdinand alikufa mwaka uliofuata, na Julius mwaka wa 1968. Mwaka wa 1971 ulianza mfululizo mpya wa vitabu vya hesabu vya manjano kwa wanafunzi, nao ulikuwa wa Kiingereza tangu mwanzo. Katika miaka ya 1980 kitabu cha Beilstein, ambacho kwa miaka mia kiliwalazimisha wanakemia wa dunia kusoma Kijerumani, kilianza kutolewa kwa Kiingereza. Zeitschrift für Physik, jarida la Bose na Heisenberg, lilikoma mwaka wa 1997, nafasi yake ikachukuliwa mwaka wa 1998 na jarida la Ulaya lenye jina la Kiingereza. Na Die Naturwissenschaften, jarida la Berliner, limeitwa The Science of Nature tangu 2015. Katika mwaka wa 1924 Mhindi alifasiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani ili asomwe. Leo Mjerumani huandika Kiingereza katika majarida hayo hayo kwa sababu iyo hiyo.

Umiliki nao ulitoka katika jamaa. Mwaka wa 1999 sehemu kubwa ya kampuni ilinunuliwa na Bertelsmann. Mwaka wa 2003 ikauzwa kwa kampuni mbili za mitaji, Cinven na Candover, zilizokuwa zimenunua pia kampuni ya Kluwer ya elimu, na mwaka wa 2004 Springer na Kluwer zikaunganishwa. Mwaka wa 2015 ikaunganishwa tena na wenye jarida la Nature, lililoanzishwa London mwaka wa 1869, ikaitwa Springer Nature. Na mwezi wa Oktoba 2024 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la Frankfurt. Ule ugomvi wa bei haujaisha, ila umebadili sura. Zamani aliyelipa ni msomaji. Siku hizi, katika majarida mengi yasomwayo bure, mlipaji ni mwandishi au chuo chake. Mwaka wa 2020 ilitangazwa kwamba mwandishi atakaye makala yake katika Nature yasomwe bure na watu wote angetozwa Euro 9,500. Waandishi wa nchi maskini husamehewa katika majarida fulani, na hilo ni jema. Lakini mwenye kusamehewa si mwenye kupanga.

YATUPASAYO SISI

Walimu wenzangu, nadhani historia hii yatufundisha jambo moja hasa. Kijerumani hakikushindwa na Kiingereza kwa uzuri wala kwa wingi wa maneno. Kilipanda cheo wakati ambapo mchapishaji aliwaendea mabingwa na kuwakusanya, na kilishuka wakati ambapo watawala waliwafukuza mabingwa hao hao. Lugha ya elimu hufuata kundi la watu waaminianao: mwandishi amwamini mhariri, mhariri amwamini mchapishaji, na msomaji awaamini wote.

Kwa hiyo, mtu atuambiapo kwamba Kiswahili hakifai kwa sayansi, tumwulize ni majarida mangapi yaliyotolewa kwa Kiswahili, yakahaririwa kwa uangalifu, yakanunuliwa na kusomwa kwa miaka thelathini mfululizo. Kijerumani cha mafundi hakikukamilika kabla ya vitabu kutolewa. Kilikamilika kwa sababu vilitolewa. Wala haifai kungoja mpaka maneno yote yapatikane. Wazee wa Ushambaa hawakuwa na darubini, lakini neno mbu lilitosha kuonyesha njia ambayo wataalamu wa Ulaya walikuwa wangali wakiitafuta. Lililopungua kwao si maarifa wala lugha, bali ni kurasa za kuyaweka maarifa hayo na mtu wa kuzipiga chapa.

Kurasa kama hizi tunazozisoma sasa ni chache na hazina mali. Hata hivyo, duka lililofunguliwa Berlin tarehe 10 Mei 1842 lilikuwa la kijana mmoja wa miaka 25, na halikuanza na sayansi. Mwalimu ajuaye jina la mti, la ugonjwa au la chombo katika lugha ya kwao, na atumizi lake, na aliandike sawasawa pamoja na jina la mzee aliyemwambia, alilete lipigwe chapa. Kazi ya namna hiyo yaweza kufanyika mwaka huu.